Kuchelewa Kwetu Njia ya Kasanga

Wengi wenu mkaao pwani mwaijua Sumbawanga kwa jina tu, na jina lenyewe huwatia hofu kwa sababu ya habari za uchawi mlizozisikia. Kumbe wenyeji husema maana yake ni "tupa uchawi", yaani aingiaye mji huu na auache uchawi wake nje. Mimi nimekaa hapa zaidi ya miaka 20 nikisomesha watoto Kurani, na kitu kilichonitisha ni baridi peke yake. Mji u juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na milima ya Mbizi imeuinamia. Mwezi wa Juni na Julai watoto huja chuoni wamejifunika mablanketi, na meno yao hugongana hata herufi hazitamkiki.

Katika chuo changu nalikuwa mkali sana kwa wachelewao. Mtoto akiingia wenzake wamekwisha anza kusoma, alisimama mlangoni mpaka nilipopenda mimi, wala udhuru wake sikuusikiliza. Nayataja haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyechelewa siku ile nitakayoisimulia.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2008. Nalikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kusali Alfajiri, simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu wa Kasanga: mama mkwe wangu amefariki usiku, na mazishi ni baada ya Adhuhuri. Mke wangu alisema neno moja tu: "Nataka nikamwoshe mama."

Kasanga ni bandari ya Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walijenga boma wakapaita Bismarckburg. Kutoka Sumbawanga ni kilometa 112, na njia hupita Matai. Leo kuna lami. Siku zile ilikuwa vumbi tupu, na magari ya abiria yalikuwa machache. Likikupita la asubuhi, waweza kungoja hata jua likachwa.

Mke wangu alikuwa tayari saa kumi na mbili na nusu, mtoto mchanga mgongoni, na wale wawili wakubwa wamekwisha vaa viatu. Aliyechelewesha ni mimi. Nalikwenda kumtafuta mtu wa kunishikia chuo. Nikarudi tena kwake kwa habari ya ufunguo. Kisha nikasimama na mzee mmoja aliyenipa pole, nikaona haya kumkatiza maneno. Twalipofika stendi gari lilikuwa limeondoka. Nami nikamgeukia mke wangu nikasema, "Haya, umeona watoto wako na viatu vyao!" Hakunijibu. Neno hilo lingali likiniuma, na nalitaja mimi kwa kuwa yeye hajapata kulitaja.

Twalipata lori lililokuwa likielekea Matai. Dereva hakutujua, lakini alimwambia utingo wake ashuke apande juu ya mizigo pamoja nami, ili mke wangu na watoto wakae mbele. Huko juu baridi ilinipenya mifupani, lakini niliiona Ufipa vizuri kuliko siku zote: uwanda wa nyasi usio na miti mingi, na mashamba yaliyojaa matuta ya duara ambayo Wafipa huyaita ntumba. Mkulima huyafukia majani chini ya udongo mvua zikielekea kwisha, yakaoza yakawa mbolea, na msimu ufuatao huyavunja akapanda ulezi au mahindi. Kazi ya akili sana, wala haikuletwa na bwana shamba yeyote.

Kabla ya Matai gurudumu lilipasuka, na la akiba halikuwapo. Saa nne ilikuwa imepita. Twaliketi kando ya njia, penye nyumba chache, na mke wangu akaanza kulia kimyakimya.

Akatoka bibi mmoja mzee, rozari shingoni, maana Wafipa wengi ni Wakatoliki. Hakutuuliza tu nani wala twatoka wapi. Alimpokea mtoto, akamshika mke wangu mkono akamwingiza jikoni penye moto, akampa uji wa ulezi. Ndipo akamwuliza, "Mwanangu, umefiwa na nani?" Alipojibiwa, alimwita mjukuu wake akamwamuru apande baiskeli aende kijiji cha pili, kwa mtu mwenye pikapu.

Mafungu manane ya watu wanaostahiki zaka nimeyasomesha mara nyingi mno, na la mwisho ni mwananjia, msafiri aliyekatikiwa na safari. Watoto hulitamka mbio ili wamalize. Na mimi mwenyewe nalikuwa nikilipita mbio, mpaka siku ile nilipokalia kigoda cha bibi yule, bakuli mkononi.

Mwenye pikapu akaja, gari limejaa magunia ya mahindi. Alikuwa akienda sokoni Sumbawanga, upande ule tutokao. Alinitazama kofia na kanzu, akasikiliza maneno ya bibi, akaanza kushusha magunia uani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, biashara yako je?" Akasema, "Shehe, pandeni. Mahindi yatangoja."

Njiani aliwasimulia watoto habari ya Milansi, kijiji cha kale ambacho Wafipa hukihesabu kuwa chanzo cha nchi yao. Mtawala wake alikwenda kuwinda. Nyuma wakaja wanawake wageni, wakapokewa, wakakalishwa kwenye kiti chake. Aliporudi alikuta utawala umekwisha mtoka. Nikamwuliza, "Na baada ya hayo hamwogopi wageni?" Akacheka, akasema kosa la mtawala yule ni kuchelewa kurudi. Mke wangu akatabasamu, mara ya kwanza tangu Alfajiri. Mimi nikatazama nje.

Kutoka uwandani njia huteremka sana, karibu mita 1,000, mpaka ziwani. Watoto walivua mablanketi, joto likatupokea. Twalipofika, Adhuhuri ilikuwa imekwisha saliwa, na maiti imekwisha oshwa na kuvikwa sanda. Kijana mmoja alikuwa ameliona vumbi la pikapu mlimani akapiga kelele, na shemeji akawaomba wazee wangoje kidogo jeneza lisiinuliwe. Walimfunulia mke wangu uso wa mama yake.

Kumwosha hakumwosha. Jambo hilo halikurudi, wala wema wa watu haukulirudisha. Lakini mwanamke mmoja katika waliomwosha, jirani aliyehamia karibuni na ambaye mke wangu hakupata kumwona, alimkalisha pembeni akamweleza yote taratibu: maji yalivyochemshwa, nani alimshika kichwa, nywele zilivyosukwa mikia mitatu ikawekwa nyuma. Alisimulia mara mbili, kwa kuwa aliombwa mara mbili.

Kaburini nalimwona mwenye pikapu amesimama nyuma ya watu, kofia mkononi. Wafukiaji walipochoka alipokea jembe akafukia. Nilipomtolea pesa za mafuta alikataa kabisa. Shemeji alimpa mfuko wa dagaa, akaupokea, akasema ataupitisha kwa bibi wa uji.

Siku ya nne twalirudi Sumbawanga, na katika kijiji kile nikamwomba dereva asimame kidogo. Magunia hayakuwako tena uani. Bibi alikuwa akianua ulezi. Alipomwona mke wangu aliuacha, akaja mbio kama mtu wa umri wangu.

"Mlimwahi?" akauliza.

"Twaliuwahi uso wake, bibi," mke wangu akasema.