Songea Isiyo na Gwaride

Nipo Mfaranyaki, Songea. Jamani baridi ya Julai huku si mchezo! Nimetumwa na gazeti kufuatilia bei ya mahindi, na kwa mahindi hapa ndipo penyewe. Mafuso yamejipanga, vijana wanashindilia lumbesa, na kila ninayemsalimia ananiuliza Dar wanauza kilo shilingi ngapi.

Jana mchana nikapata upenyo, nikachukua bodaboda kwenda Makumbusho ya Maji Maji kule Mahenge. Dereva akashangaa. "Braza, kwani leo kuna nini kule?" Nikamwambia hakuna kitu, nakwenda kuangalia tu. Akanitazama kama vile nimemwambia nakwenda benki Jumapili.

Sishangai. Sisi waandishi Songea tunayoijua ni ya Februari. Tarehe 27 ikikaribia tunajaa huku, kuna viongozi, ngoma ya lizombe, hotuba, pilikapilika za kila aina. Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 kwa kushiriki Vita vya Maji Maji. Tukishapiga picha za mashada ya maua, huyo, tunapanda basi.

Julai ni kitu kingine kabisa. Nilimkuta mzee mmoja akifagia majani, shikamoo, marahaba, karibu. Hakuna kipaza sauti wala mtu wa kukusukuma usogee mheshimiwa apite. Unasimama mbele ya kaburi la pamoja mpaka uchoke mwenyewe. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, ana kaburi lake peke yake, na familia yake inaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa hapa, akakutana na wajukuu wa Songea, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Wiki ile magazeti yote yalijaa Songea. Wiki iliyofuata je? Mnajua jibu.

Kilichonikaa kichwani zaidi lakini ni njaa. Shuleni tulikariri Kinjekitile na maji yake, tukajibu mtihani, basi. Kumbe risasi ilikuwa sehemu ndogo tu. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi ili watu wasalimu amri, na wanahistoria wengine wanakadiria waliokufa katika vita ile ya 1905 hadi 1907 kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Sasa fikiria, asubuhi yake nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya mahindi nikiandika bei kwenye daftari, katika ardhi ileile! Mhariri wangu anataka habari ya mahindi, na mimi naona hizi si habari mbili.

Kulipokuwa kumetulia hivyo, nikasikia hatua nyuma yangu. Dereva wangu alikuwa amechoka kungoja nje. Amezaliwa hapa Songea, akaniambia aliwahi kuletwa na shule akiwa darasa la tano, na anachokumbuka ni soda. Akavua helmeti, akalizunguka kaburi taratibu.

"Wote wamo humu?"

"Wote, isipokuwa Songea. Yeye ni lile pale."

Akakaa kimya muda mrefu, na yule kijana njia nzima alikuwa haachi kuongea! Mwishowe akauliza kama walizikwa na wake zao wakiangalia. Sikuwa na la kumjibu. Mzee wa ufagio naye akaendelea kufagia.

Kesho asubuhi ananipeleka Chandamali, kwenye mapango ambako inasimuliwa kuwa Songea Mbano alikuwa akijificha. Nauli tutaelewana, anasema, ila safari hii hangojei nje.