Kikombe cha yaya

Najua nimepotea. Kwanza ilikuwa mitihani, halafu tukaenda kijijini siku saba, halafu nikarudi na jambo ambalo wiki mbili nzima nimeshindwa kuliandika. Leo mwenzangu wa chumbani kaenda maktaba, feni inazunguka juu ya kichwa, nimefunga mlango. Acha niseme tu.

Kwa mliokuja juzi: mimi ni Mhindi wa Mwanza, nasoma Pune. Nyumbani mtaani naitwa Mhindi. Hapa Pune wakisikia Kihindi changu kinavyochechemea wananiuliza, wewe Mwafrika wa nchi gani? Nimeshazoea, nacheka nao. Lakini kuna wakati mtu wa katikati kama mimi anajidanganya kwamba mambo mabaya ya huku hayamhusu na ya kule hayamhusu. Ndiyo habari yenyewe ya leo.

Basi bwana, India kuna mpango wa serikali wa wanafunzi kujitolea, unaitwa NSS. Ulianza 1969, mwaka ambao Gandhi angetimiza miaka 100, ukiwa na wanafunzi 40,000 katika vyuo vikuu 37. Mwanafunzi akijiunga anatakiwa afanye saa 120 kwa mwaka kwa miaka miwili, na kambi moja ya siku saba. Beji yao ina gurudumu lililochukuliwa kutoka hekalu la jua la Konark, lina mikono minane, maana yake yuko tayari saa 24 za siku. Mimi si mwanachama. Mwenzangu wa chumbani ndiye mwanachama, nikamwomba nifuatane nao. Nilitaka kuona kijiji, na niseme kweli, nilitaka na picha.

Siku tatu za kwanza zilikuwa tamu sana. Tulichimba mitaro ya maji machafu, tukapaka chokaa darasa, jioni tukacheza na watoto. Mikono ilitoka malengelenge nikayaangalia kwa fahari kama medali. Nikampigia mzee wangu Mwanza, akafurahi mpaka akamwita mama aje asikie. Mzee mwenyewe ni mtu wa kujitolea. Kila sikukuu watu wa hekalu letu wanapika chakula kingi wanagawa kwa wasiojiweza, na mzee ndiye hubeba masufuria. Nimekua nikiona hivyo. Nikawa najiambia, damu haipotei.

Siku ya nne tulipelekwa ng'ambo ya kijito, mwisho kabisa wa kijiji. Nyumba za kule ziko peke yake na bomba lao liko peke yake. Sikuuliza kwa nini. Tulifanya kazi mpaka jua likatuchoma, ndipo bibi mmoja akatuita tukae chini ya mwarobaini, akatoka na mtungi wa maji na bilauri za chuma zinazong'aa, kazisugua kwa majivu.

Tulikuwa sita. Wa kwanza akasema amefunga. Wa pili na wa tatu wakasema wametoka kunywa sasa hivi. Wa nne akainuka kama mtu aliyeitwa na simu. Bilauri ikanifikia mimi. Nikashika tumbo, nikasema kwa Kihindi changu kibovu, samahani bibi, tumbo linanisumbua.

Wadau, tumbo langu lilikuwa zima kabisa. Na kiu nilikuwa nayo.

Mwenzangu wa chumbani akapokea yake, akanywa mpaka chini. Akanyoosha mkono akachukua na yangu, akainywa nayo. Akamwambia bibi maji yako matamu. Yule bibi hakusema kitu, akafunika mtungi akaingia ndani.

Usiku tumelala kwenye mikeka darasani, yule mwenzangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Bhai, yule bibi ni kama bibi yangu mzaa mama. Kwetu na sisi tunakaa upande ule." Miezi saba nimelala chumba kimoja na huyu kijana, nimekula chapati zake, nimevaa sweta lake, sikujua. Kumbe wenzetu wengine kwenye kundi walikuwa wanajua. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Akanisimulia habari ya Mahad. Huo ni mji wa jimbo hili hili la Maharashtra, una bwawa linaloitwa Chavdar. Watu waliokuwa wakiitwa wasioguswa, ambao leo wengi wanajiita Dalit, walikuwa hawaruhusiwi kuchota pale, ingawa ng'ombe walikunywa. Halmashauri ya mji ilikwishatoa ruhusa 1924 lakini nani angethubutu? Tarehe 20 Machi 1927 Dakta Ambedkar akaongoza maelfu ya watu, akainama akanywa, na wao wakanywa. Walipigwa kwa ajili ya maji yale. Halafu wakubwa wa mji wakafanya ibada ya kulisafisha bwawa. Kesi ikaenda miaka 10, mpaka Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamua 1937 kwamba bwawa ni la wote. Huyo Ambedkar ndiye baadaye aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, na kifungu cha 17 kikafuta kabisa mambo ya kutoguswa. Katiba hiyo inatumika tangu 26 Januari 1950.

Yaani sheria ipo miaka yote hiyo, na mimi, mtu wa Mwanza, mwenye kitambulisho cha Tanzania mfukoni, nimekaa chini ya mwarobaini nadanganya kuhusu tumbo.

Nilijitetea sana usiku ule. Nikasema niliwafuata wenzangu tu. Nikasema mimi siamini matabaka, nyumbani hata hatuyataji. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanigonga. Mkono wangu haukusita kufikiri, uliijua kazi yake. Umejifunzia wapi?

Ndipo nikakiona. Kikombe cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni. Kipo dirishani jikoni kwetu Mwanza, nje ya kabati, na sahani yake moja. Ni kikombe cha yaya.

Yaya yuko kwetu tangu kabla sijazaliwa. Ndiye aliyenifundisha kutembea. Kiswahili hiki ninachowaandikia ni chake, na maneno machache ya Kisukuma niliyonayo ni yake pia. Nikiumwa alilala sakafuni kando ya kitanda changu. Na miaka yote hiyo chai yake anakunywa kwenye kikombe kile, amekaa ngazi ya uani, na hakuna mtu hata siku moja aliyetamka neno lolote. Hakuna aliyemkataza kabati. Kikombe tu kilikuwa pale. Mzee anatoka na masufuria kwenda kulisha wageni asiowajua majina, anampita yaya na kikombe chake ngazini.

Nyani haoni kundule, ndugu zangu. Mimi nimesafiri kuvuka bahari kwenda kuliona la Wahindi wa India.

Wahenga walisema kutoa ni moyo si utajiri. Nimelifikiria sana neno letu la kujitolea. Ndani yake kuna kutoa, lakini kinachotolewa ni nafsi yako. Mimi nilitoa jasho, nikatoa malengelenge, nafsi nikaiacha mfukoni. Kumchimbia mtu mtaro ni rahisi, wewe uko juu na jembe. Kupokea maji yake ndiyo mtihani, maana hapo inabidi mlingane. Hapa Pune aliishi mama mmoja, Savitribai Phule. 1848 yeye na mumewe walifungua shule ya wasichana, watu wakamtupia matope njiani. Mume wake alifungua tangi la maji la nyumbani kwao 1868, kwa wale wasioguswa. Na tauni ilipoingia Pune yeye alihudumia wagonjwa mpaka ikampata, akafa Machi 1897. Huyo alijitolea. Mimi nilikwenda kupiga picha.

Nyumbani huwa wanasema sisi ni watu wa dini na biashara, siasa si zetu. Huwa nawajibu kwamba Amir Jamal aliyekuwa waziri wa fedha wa Nyerere alizaliwa Mwanza hapo hapo, na India alisoma. Lakini sasa naona siasa yetu tunayo, tena kila asubuhi, imewekwa dirishani. Na dini pia. Mungu tunayempelekea maua hekaluni sidhani kama anauliza chai imenywewa kwenye kikombe cha nani, ila sisi tunajua.

Jumapili nikapiga simu. Nikamwuliza mama, kikombe cha yaya kiko wapi. Kimya. Kisha akasema, "Kwani kimefanya nini?" Nikamweleza yote, bwawa, bibi, tumbo langu. Akanyamaza sana mpaka nikadhani salio limekwisha. Akasema, "Mimi nilikikuta. Bibi yako ndiye aliyeweka." Nikasema najua mama, silaumu, na mimi nilikikuta. Hakujibu. Akampa yaya simu.

"Umekula mwanangu?" Hilo ndilo swali lake siku zote. Nikasema nimekula. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona aibu, kwa simu ungeanzaje? Akaniambia samaki wamepanda bei, akaniambia nivae sweta.

Mwezi wa tano nakwenda likizo. Nimepanga siku ya kwanza asubuhi nikae naye ngazini, ninywe kwenye kile cha bluu, yeye anywe kwenye cha kabatini. Sijui mama atafanya uso gani. Sijui hata yaya mwenyewe atasemaje, maana huenda atanifukuza kwa kumharibia kikombe chake.

Mwenzangu anarudi, nasikia ndala zake kwenye korido. Wiki ijayo anakwenda kwao na amenialika. Nimesema nitakwenda, na safari hii tumbo langu ni zima.

Tuko pamoja wadau. Nanyi mkifika nyumbani leo, chungulieni dirisha la jikoni.