Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Maua

Barua ya udahili ilikuwa imekaa kwenye simu yangu siku kumi, sijaijibu. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilinipa nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya biashara, na shahada ya uzamili ya biashara ninayo tayari. Niliisoma Mzumbe, kampasi ya Dar es Salaam, jioni baada ya kazi, miaka miwili ya kurudi nyumbani na daladala za mwisho. Ndiyo iliyonitoa kwenye dirisha la benki ikanikalisha kwenye meza ya mikopo. Mama yangu yuko Korogwe. Nilipompigia kumweleza, aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, unarudi darasa lile lile?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilijua ninachokiacha: fomu inayouliza hati ya nyumba, hati ya mshahara na taarifa ya akaunti ya miezi sita, na mkulima aliyekaa mbele yangu hana hata kimoja. Ninachokiendea sikukijua. Nilitaka kwenda kufanya kazi na vyama vya ushirika, lakini sikuwahi kuingia katika ofisi ya AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, hata moja. Nilizisoma kwenye ripoti. Kwa kuwa masomo ya kuhama kazi hayalipiwi na mwajiri unayemhama, akiba yote ilikuwa yangu na hasara yote ingekuwa yangu. Nikajiwekea sharti: silipi ada mpaka nimeiona kazi yenyewe. Mwenzangu mmoja wa ofisini, kwao ni Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Alisema baba yake atanipokea, na kwamba Juni ndipo nitakapowakuta watu wanachuma kahawa.

Kagera nilikuwa naijua kwa bati la Africafe tu, lililokuwa juu ya kabati la mama tangu utoto wangu. Kahawa ile inatengenezwa Bukoba, kwenye kiwanda cha Tanica, na nadhani nimelisoma jina la mji huo kwenye bati kabla sijajua kuutafuta kwenye ramani.

Kutoka Mwanza nilipanda meli usiku, New Victoria Hapa Kazi Tu, ile MV Victoria ya zamani iliyokarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Nilikata daraja la pili nipate kitanda. Sikulala. Taa za Mwanza zilipokuwa zinapungua nyuma yetu, mzee mmoja aliyesimama karibu nami kwenye vyuma vya pembeni alivua kofia. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono kuonyesha giza. "Bukoba ilizama upande huu."

Ilikuwa tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikapinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na hesabu yao haikuweza kuwa kamili. Mzee alinieleza sababu, nami nimeibeba safari nzima: abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Waliokuja kutafuta ndugu zao walikuta daftari lisilowajua.

Asubuhi tulitia nanga Kemondo, kisha Bukoba. Mji umeegemea vilima, uso umeelekea ziwani, na hewa yake ina ubaridi ambao mtu wa Dar hautarajii. Nyumba ya wageni niliyofikia ina kitabu kile tunachokijua wote: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Kwenye kazi nikaandika "benki". Mchana nilitembea hadi kanisa kuu, alikozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kupewa ukardinali, mwaka 1960. Kuta zenye nyufa za tetemeko la Septemba 2016 bado zipo huku na huku ukizitazama kwa makini. Sikukaa sana. Kesho yake nilikuwa kwenye hiace.

Barabara inafuata ziwa hadi Muhutwe, kisha inaacha barabara kuu ya Muleba na kupanda. Kamachumu iko juu. Gari linapomaliza mlima, migomba inakufunika kushoto na kulia, na ndani ya migomba ndimo iliko mibuni, na chini ya mibuni maharage. Hicho ndicho kibanja. Mhaya hakiiti shamba, na baada ya siku mbili nikaelewa ni kwa nini: nyumba imo ndani yake, makaburi ya wazee yamo ndani yake, na nyasi za rweya zilizo nje ya mpaka ni ulimwengu mwingine.

Mwenyeji wangu alinipokea kwa kisahani cha akamwani, buni zilizochemshwa na majani ya kienyeji kisha zikakaushwa, za kutafuna. Alichukua tunda moja akalipasua kwa ukucha, akanionyesha mbegu mbili zilizolala zimetazamana. Zamani, alisema, watu wawili waliochanjiana udugu waligawana tunda moja hivi, kila mmoja mbegu yake na damu ya mwenzake. Nilitafuna. Ni chungu, halafu kuna harufu inayobaki mdomoni jioni nzima.

Nilimweleza kilichonileta, pamoja na wasiwasi wa mama yangu kuhusu shahada ya uzamili ya pili. Hakuona la kushangaza. "Mwanangu, umefika kwa akina Nshomile. Hapa mtu haulizwi kwa nini anasoma." Nshomile maana yake nimesoma, ndilo jina ambalo Watanzania wengine wamewapachika Wahaya, nao wamelipokea kwa kifua. Niliposema Moshi, aliinuka akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na cheti cha mafunzo ya ukarani wa ushirika. Chuo kile kilianza mwaka 1963, kikiwafundisha watunza vitabu wa vyama kabla hakijawa chuo kikuu, na yeye alipita hapo kijana, miezi michache, kisha akarudi kushika mizani ya chama cha msingi.

Alinisimulia usiku ule, taa ikiwa katikati yetu. Chama kikuu cha wakulima wa Bukoba, BNCU, kilianza mwaka 1950. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, na kahawa ikachukuliwa na mamlaka ya zao. Yeye alikabidhi funguo za ghala na madaftari, akarudi kulima. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vyama kurudi. Karagwe walipojitenga na kuunda chama chao, kilichobaki kikajiandikisha upya kama KCU (1990), na ndiyo sababu mwaka umebaki ndani ya jina. Nilikuwa nimesoma historia hii katika kurasa mbili za kitini. Kwa mzee huyu ilikuwa ni siku aliyokabidhi funguo.

Siku tatu zilizofuata nilikaa ofisini kwa AMCOS, kwenye benchi karibu na mizani. Watu walileta kahawa ya maganda kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa kichwa. Katibu anapima, anaangalia unyevu kwa kushika na kutikisa gunia kabla ya kutumia kipimo, anaandika: jina, namba ya mwanachama, kilo. Anachana risiti. Kazi safi, na mimi ninayependa daftari lililonyooka nilifurahi kuitazama.

Siku ya pili alikuja kijana mwenye pikipiki na magunia manne. Katibu aliandika kilo zake kwenye majina matatu tofauti. Kijana alipoondoka niliuliza. Katibu alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni butura, dada."

Butura ni kununua kahawa ikiwa bado juu ya mti, mara nyingine ikiwa maua tu. Januari shule zinafunguliwa. Hata pale ambapo ada imefutwa kuna sare, daftari, godoro la bweni, nauli. Au kuna mgonjwa, au msiba. Mwenye kibanja hana kitu mkononi hadi Mei au Juni. Anakuja mtu mwenye fedha, anatazama mibuni kadhaa, anataja bei. Mavuno yakifika anakuja kuchuma chake, na kwa kuwa si mwanachama, anaipitisha kahawa hiyo kwenye majina ya wanachama. Ni kosa, wakuu wa mkoa na wilaya wamelikemea miaka nenda rudi, na linaendelea.

Jioni nilichukua kalamu. Tuseme mtu alipewa shilingi laki moja Januari kwa mibuni itakayozaa kahawa ya laki tatu Juni. Riba ya asilimia mia mbili kwa miezi mitano. Nilimwonyesha mzee karatasi, mikono inanitetemeka kwa hasira, nikamwambia hakuna benki duniani ingeruhusiwa kutoza hivyo.

Aliisoma polepole, kama karani. "Hesabu yako ni sahihi, waitu. Lakini Januari ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Dar es Salaam, kwenye kiti changu, narudisha fomu.

Hapo ndipo shahada yangu ya kwanza ya uzamili ilipofika mwisho wake, na nasema hivi bila kuidharau, maana ndiyo iliyonipa uwezo wa kukokotoa ile riba. Ilinifundisha kupima mkopaji kwa dhamana aliyonayo. Haikunifundisha kwamba ua la mbuni ni dhamana, kwamba yule mwenye pikipiki ameikubali miaka yote hii, na kwamba yeye ndiye benki pekee inayofika Kamachumu Januari.

Siku ya mwisho katibu alinipa kalamu niandike kwa saa moja. Alikuja mama mmoja na gunia lisilojaa. Niliuliza jina. Akataja la mwanamume. Nikauliza kama ni la mumewe. Akasema mumewe amefariki, hilo ni la shemeji, kibanja kiko kwake. Niliandika nilichoambiwa. Mkono wangu ulikuwa mzito, kwa sababu kesi ninayoikumbuka zaidi katika somo la sheria chuoni ilitoka wilaya hii hii. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988, na ndugu wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai mwanamke wa Kihaya hana mamlaka hayo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba anayo sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba imekataza ubaguzi. Mtihani nilifaulu. Lakini zaidi ya miaka thelathini baada ya hukumu ile, kilo za mama huyu nimeziandika mimi mwenyewe kwenye jina lisilo lake.

Nililipa awamu ya kwanza ya ada kwa simu, ndani ya hiace, mahali fulani kwenye mteremko wa Muhutwe ambako mtandao ulirudi. Kisha nikampigia mama. Nilimwambia si darasa lile lile. Nilimweleza habari za butura, naye akanyamaza, halafu akasema kwao wakati wa njaa mahindi yaliuzwa hivyo hivyo yakiwa mabichi, na hakujua kwamba jambo hilo linasomewa chuoni. Nikamwambia nitakwenda kulisomea.

Kurudi nilikata daraja la tatu. Nilikaa kwenye benchi, na Kemondo waliingia watu wengi na mikungu ya ndizi mpaka miguu ikakosa pa kukaa. Jirani yangu alikuwa mama wa Bumbire, kisiwa cha Muleba, anapeleka dagaa Mwanza. Aliniuliza nasoma nini nilipokuwa napitia daftari langu, nikamweleza butura kama ninavyoielewa. Alisikiliza hadi mwisho akatikisa kichwa.

"Hiyo ya kahawa ina nafuu, dada. Mti unauona. Sisi dagaa wanauzwa wangali ziwani, mtu anakupa mafuta ya mashine na wavu, na bei anapanga yeye."

Nilifungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe. "Naomba uanzie mwanzo, mama," nikamwambia, "na jina lako kamili."