Binti Aliyepitwa na Zamu



Kila watu wana kipimo chao cha kumjua mtoto. Sisi tufuatao sharia ya Kiislamu twajua kwamba mtu akisha kubaleghe huandikiwa mema yake na maovu yake, hata akiwa bado alishwa na kuvishwa na wazazi wake. Na kwa desturi ya pwani yetu, binti ni mtoto wa nyumbani mpaka siku aolewapo, awe na miaka 18 au 38. Kanuni za Marekani za kuwapokea wahamiaji nazo zina kipimo chao: mtoto ni yule ambaye hajatimiza miaka 21, wala hajaoa wala kuolewa. Siku atimizapo 21, huenda akatoka katika hisabu ya watoto, na visa ambayo angaliipata kwa kufuatana na wazazi wake ikampotea.

Jambo hili si la mbali. Limeingia katika nyumba zetu hapa Mombasa, nalo laweza kutenga mama na mwanawe kwa muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa chuo, na elimu yangu ya skuli ilikomea darasa la saba. Watu huniletea barua zao za uhamiaji si kwa kuwa mimi ni wakili, bali kwa sababu nina daftari la chuo ambalo ndani yake nimeandika tarehe ya kuzaliwa ya kila mwanafunzi. Kiingereza cha barua hizo husomwa na vijana, nami hushika hisabu ya tarehe. Kwa njia hiyo nimeyajua haya nitakayoyaeleza.

Bibi mmoja, jirani yetu, ana nduguye mwanamume aliye raia wa Marekani. Mwanzo wa mwaka 2007 nduguye huyo alimpelekea ombi la visa. Kanuni yamruhusu raia mtu mzima kumwombea ndugu yake, na ndugu huyo akafuatana na mumewe au mkewe na watoto wao. Lakini visa za mlango huu wa ndugu zimewekewa kiasi cha 65,000 tu kwa mwaka kwa dunia nzima, wala nchi moja kwa kawaida haipewi zaidi ya sehemu 7 katika 100 za jumla ya visa za jamaa na za kazi zenye kiasi. Waombaji ni wengi mno kuliko visa, basi hupangwa foleni kwa tarehe ya ombi. Zamu ya bibi huyu ilifika mwaka 2022, baada ya miaka 15.

Ombi lilipopelekwa, binti yake mkubwa alikuwa na miaka 8, naye alikuwa akisoma juzuu ya Amma kwangu. Zamu ilipofika alikuwa na miaka 24. Wadogo zake wawili walikuwa na 19 na 16.

Wengi hudhani kwamba hapo hapana la kusemwa tena. Sivyo. Mwaka 2002 ilitungwa kanuni ya kuwahifadhi watoto wa namna hii. Hisabu yake ni hii: chukua umri wa mtoto siku visa ilipopatikana, kisha toa muda ambao ombi lilikaa ofisini likingoja kukubaliwa. Ukibaki umri chini ya 21, na mtoto asiwe ameoa au kuolewa, na hatua ya kuitafuta visa ichukuliwe kabla ya kupita mwaka mmoja, basi yu mtoto. Miaka ya kungoja foleni baada ya ombi kukubaliwa haitolewi, na hiyo ndiyo iliyo mingi. Ombi la bibi yetu lilikaa ofisini miaka 2. Toa 2 katika 24, zabaki 22. Wadogo walipita, na mkubwa akabaki.

Wakauliza: Je, hawezi kuishika ile tarehe ya mwaka 2007 aingie nayo katika foleni nyingine? Swali hili lilifika mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Marekani katika kesi ijulikanayo kwa jina la Cuellar de Osorio, mama mmoja wa El Salvador. Mwanawe alikuwa na miaka 13 ombi lilipopelekwa, naye akavuka 21 miezi michache tu kabla ya zamu yao kufika. Mwaka 2014 majaji 5 kwa 4 waliikubali hoja ya serikali: mtoto wa namna hiyo haichukui tarehe ya zamani, bali huanza foleni upya.

Basi mwaka 2023 wazazi walisafiri na wadogo wawili, na binti akabaki na bibi yake mzaa baba. Mama alipopata ukaazi, mara moja alimwombea binti yake kwa mlango wa watoto wakubwa wa wakaazi. Mlango huo nao una foleni yake: mwaka 2025 zamu kwa watu wa nchi kama yetu ilikuwa imefika kwa walioombewa mwaka 2016. Tena una sharti moja zito. Anayeombewa asiwe na mume wala mke. Akioa au kuolewa kabla mzazi hajawa raia, ombi hufa palepale.

Mwaka huo wa 2025 ikaja posa. Kijana ni mtu wa bandarini, mwenye dini na kazi, na binti alimridhia. Ndipo nyumba ikaingia katika mashaka. Mama alinipigia simu akaniambia: "Maalim, nikisema aolewe, nitakuwa nimemfungia mlango kwa mkono wangu. Nikisema angoje, nitakuwa nimemzeesha." Na binti naye alikuja na bibi yake, akasema kwa sauti ndogo: "Maalim, nikingoja visa nitaolewa lini? Na nikiolewa, mamangu nitakaa naye lini?"

Nilifungua daftari tukapiga hisabu. Njia ya kwanza, aolewe sasa, na ombi life. Mama aweza kuomba uraia baada ya miaka 5 ya ukaazi, yaani mwaka 2028, kisha amwombee binti upya kwa mlango wa watoto walio katika ndoa, ambao foleni yake hupita miaka 10. Njia ya pili, angoje mama awe raia, ndipo aolewe. Hapo ombi halifi, bali lahamia katika foleni hiyo ya walio katika ndoa, naye atakuwa na miaka 30. Njia ya tatu, asiolewe kabisa mpaka zamu ifike, naye, foleni ikienda kama iendavyo, atakuwa amepita 30 kwa miaka kadha. Hakuna katika hizo iliyo bila khasara.

Akatokea mzee mmoja wa ukoo na njia ya nne. Akasema: "Tuwaozeshe ndani ya nyumba, usiku, bila ya hati. Kwa Mwenyezi Mungu watakuwa mume na mke, na kwa Wamarekani binti atabaki hajaolewa." Najua kwamba wengi watakaosoma haya wamepata kuisikia shauri hiyo, na baadhi yao wameifuata. Kwa hivyo nitalieleza neno nililolijibu.

Kwanza, nikaha iliyotimia kwa walii na mashahidi ni ndoa, iwe na hati au isiwe nayo. Na Kenya yenyewe, kwa sharia ya ndoa ya mwaka 2014, yaitambua ndoa ya Kiislamu. Binti atakapoulizwa mbele ya ofisa huku amekula kiapo, "Je, umeolewa?", atajibu nini? Akisema hapana, amesema uwongo. Na kanuni za Marekani humfungia milele mwenye kutafuta visa kwa uwongo wa namna hiyo, isipokuwa apate msamaha ambao si mwepesi kupatikana. Ameukimbia mlango wa miaka 10, ameingia katika mlango usiofunguka.

Pili, Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kuitangaza ndoa, na Qurani yakataza kuficha ushahidi. Mashahidi wawili wakiapizwa wasiseme, wawekwa kwa kazi gani? Na mimba ikija, jirani waambiwe nini, na mtoto aandikwe kwa jina la nani? Mwanamke huyo atakuwa mke gizani na mseja mchana. Tukifanya hivyo tutakuwa tumemvunjia heshima binti yetu ili tupate karatasi.

Mzee alinyamaza, kisha akasema kwamba hakuyatazama kwa upande huo. Tukamgeukia mwenye jambo, kwani mara nyingi katika mabaraza kama haya huulizwa wote ila yeye. Binti akasema ataka kuolewa, na kuolewa kwa wazi. Baba yake akamwakilisha ndugu yake, nikaha ikasomwa msikitini baada ya sala ya alasiri, na hati ikatolewa. Mama aliyasikia yote kwa simu, akalia, kisha akaombea kheri. Baadaye akaiandikia ofisi kwamba binti yake ameolewa na lile ombi halina kazi tena. Barua hiyo ilimwuma kuiandika, lakini aliiandika.

Siwaambii wasomaji kwamba kila nyumba ifanye kama hiyo. Yuko binti atakayechagua kungoja kwa hiari yake, na hiari hiyo yafaa iheshimiwe. Nisemalo ni kwamba foleni isimilikishwe maisha ya mtu. Nimewaona vijana waliombewao wakaacha kusoma, wakaacha kushika kazi, wakasema, "Mimi ni wa kuondoka." Miaka ikapita, hawakuondoka, wala hawakuwa na chochote hapa walipo. Mwenye kungoja zamu na asome, afanye kazi, alipe madeni yake, na aishi kama mtu wa mji huu.

Na wazazi wazishike tarehe kama amana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani yaamuru deni la muda liandikwe, wala watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Tujifunze kwa aya hiyo. Cheti cha kuzaliwa kiwe cha kweli, na tarehe ya cheti ilingane na ya skuli. Stakabadhi ya ombi ihifadhiwe, nayo barua ya kukubaliwa, kwani baina ya tarehe hizo mbili ndiyo hupatikana ile miaka ya kutolewa. Zamu ikifika, mwaka ule mmoja usipotezwe. Na mkaazi aliyemwombea mtoto wake mwenyewe ajue kwamba akiwa raia kabla mtoto hajatimiza 21, umri wa mtoto husimama siku hiyo hiyo. Tena kanuni hizi hubadilishwa, na namna ya kupiga hisabu imebadilishwa hata mwaka 2025. Basi aulizwe wakili mwenye kibali, wala si dalali wa mitaani.

Mwenyezi Mungu awakusanye waliotengana, na awape subira walio katika kungoja. Amin.