Muhogo na Boriti

Muhogo na boriti ni ndugu. Hapa Dimani, wilayani Kibiti, ukisema hivyo watu watakutazama mara mbili, maana mmoja hulainika chunguni na mwenzake hubeba paa la nyumba miaka nenda rudi. Lakini ukivifuata mpaka ndani kabisa, kule ambako jicho halifiki, utakuta vimejengwa kwa kitu kilekile: glukosi, sukari ndogo ambayo jani huitengeneza kwa maji, hewa ya kaboni na mwanga wa jua. Jani la muhogo huifanya kazi hiyo shambani. Jani la mkoko, mti unaotoa boriti, huifanya likiwa juu ya tope la chumvi huko kwenye delta ya Mto Rufiji. Mali ghafi ni moja.

Tofauti iko kwenye kiungo. Katika wanga wa muhogo, glukosi zote hushikana zikiwa zimeelekea upande mmoja. Mnyororo wake hujisokota, ukaacha nafasi, na maji ya moto hupenya. Kimeng'enya kilicho kwenye mate nacho hupata pa kukata. Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha taratibu bila kukimbilia kumeza, na baada ya muda utausikia utamu mdomoni: mnyororo unakatika na sukari inaachiwa palepale ulimini. Katika selulosi, ambayo ndiyo mwili wa boriti, kila glukosi ya pili imegeuzwa kichwa chini. Kugeuka huko tu kunaunyoosha mnyororo. Minyororo iliyonyooka hulala bega kwa bega ikishikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kila kifungo peke yake ni dhaifu, lakini wingi wao hauna mfano. Tumbo la mwanadamu halina kimeng'enya cha kuvifungua viungo vya selulosi. Kwa uimara huo wa minyororo, boriti za Rufiji zilipakiwa majahazini zikavuka bahari mpaka nchi za Ghuba, zikabeba dari za watu ambao hawakuwahi kuuona mto huu.

Nimefundisha baiolojia kwa muda mrefu, na somo hili limegeuza namna ninavyowatazama watu. Tuna mazoea ya kuuliza mtu ametoka wapi, ni wa ukoo gani, ana nini mfukoni. Yote hayo ni maswali ya mali ghafi. Ni nadra kuuliza ameshikana vipi na wenzake. Watoto wawili wamenyonya ziwa moja. Mmoja akawa tegemeo la ukoo, mwingine akashindwa kujibeba mwenyewe. Tunasema kila mtu na bahati yake, yakaisha. Mimi siku hizi nauliza nani alimshika yule wa pili alipokuwa anayumba, na alimshika upande gani.

Wilaya nayo ni hivyohivyo. Kati ya 2016 na 2017 Kibiti ilipita katika kipindi kizito. Viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa kwa risasi, na jua likizama watu walijifungia ndani. Ardhi ilikuwa ileile, mto uleule, koo zilezile. Kilicholegea ni kuaminiana. Ndipo nilipoelewa kwamba amani haihifadhiwi ghalani. Inakaa katikati ya mtu na mtu, na isipotunzwa hapo haipo kwingine.

Kiungo pia kina wakati wake. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na maabara haina la kuwapinga. Nyama ya samaki imejaa protini, na protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa kwa utaratibu maalumu. Kazi yake yote inategemea mkunjo huo. Moto ukiingia, vifungo vinavyoushika mkunjo huachia, mnyororo hufumuka, kisha minyororo hunasana ovyo na kuganda. Anayebanika kambale anayajua hayo kwa mikono yake. Humkunja kabla hajampandisha juu ya moshi, mkia ukisogezwa kichwani, kwa kuwa akishakauka hakunjiki tena, atavunjika tu. Mzazi anayesubiri mwanawe amalize kidato cha nne ndipo amfundishe kusema kweli amechelewa kufika jikoni.

Hata hivyo moto haubomoi tu. Kamba wa deltani akitoka wavuni ana rangi ya kijivujivu. Mtie kwenye maji yanayochemka, naye anageuka mwekundu machoni pako. Wekundu ule haukutoka kwenye maji wala kwenye chumvi. Ulikuwamo gambani tangu mwanzo, umebanwa na protini mpaka usionekane. Protini ilipofumuka, rangi ikawa huru. Nimewaona wajane ambao kijiji kizima kiliwahurumia, na mwaka haukwisha wakawa wao ndio wanaoshauriwa. Uwezo ule haukuletwa na msiba. Ulikuwamo.

Lakini nisimdanganye msomaji kwamba kila kushikamana ni heri. Hemoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni katika damu. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alianza kuonyesha kwamba tofauti kati ya hemoglobini ya kawaida na ya mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli, ni asidi amino moja tu. Katika mnyororo wa asidi amino 146, ile ya sita imebadilika. Badiliko hilo linazaa mshiko usiotakiwa: oksijeni ikipungua, hemoglobini zilizopaswa kuelea kila moja peke yake zinang'ang'aniana na kuwa nyuzi ndefu. Seli inapinda umbo la mundu, mishipa inaziba, mtoto analia usiku kucha. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na ugonjwa huu.

Na hata hapo hukumu ya haraka haifai. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kwenye mabonde yenye mbu kama hili letu, kinachomuumiza mtoto mmoja kimewaokoa mababu wengi.

Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu: vijana wapimwe kabla ya ndoa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja amerithi badiliko hilo kwa mzazi wake mmoja tu, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Na mtoto akizaliwa nao, asitafutwe mchawi wala asilaumiwe mama peke yake, kwani mgonjwa amerithi kwa baba na kwa mama.

Hemoglobini iliyo nzima ina adabu ninayotamani kuwa nayo. Huishika oksijeni mapafuni kwa nguvu, na ikifika kwenye misuli iliyochoka huiachia. Ingeshindwa kushika, tungekufa; ingekataa kuachia, tungekufa vilevile. Wazazi, walimu na viongozi tumefundishwa sana kushika. Kuachia kwa wakati nako ni malezi, na tujifunze mapema kabla wale tunaowapenda hawajakosa pumzi mikononi mwetu.