Mwaka Mpya na Wazee Waliotutangulia



Je, ni dhambi kuwakumbuka wafu kwa desturi za jadi mwaka unapoanza? Swali hili limegawa ukoo wetu hapa Sitalike, na limewahi kumwaga damu katika nchi ya mbali, Korea. Tuanze na huko.

Wakorea huadhimisha mwaka mpya kwa kufuata mwezi, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Sikukuu hiyo huitwa Seollal. Watoto huwasujudia wazazi na babu zao, nao hupewa baraka na fedha kidogo. Wote hunywa supu ya vipande vya keki ya mchele, na husemwa kuwa aliyeinywa ameongeza mwaka mmoja wa umri. Zamani walitundika chekeche mlangoni usiku, maana iliaminika kuna pepo anayekuja kuiba viatu: akiliona chekeche huanza kuhesabu matundu yake mpaka jogoo anawika, akaondoka mikono mitupu. Lakini kiini cha sikukuu ni asubuhi, familia inapoandaa meza ya chakula mbele ya majina ya wahenga na kuwainamia.

Hapo ndipo Wakatoliki walipopata msalaba wao. Mwaka 1742 Papa Benedikto XIV alithibitisha katazo la ibada za namna hiyo kwa Wakristo wa China, na katazo hilo likawafikia Wakorea pia. Mwaka 1791 Paulo Yun Ji-chung alimzika mama yake bila ibada ya jadi, baada ya kuchoma vibao vya wahenga. Serikali ikamuua pamoja na binamu yake, Yakobo Kwon Sang-yeon. Kisha, mwaka 1939, Roma ikaruhusu heshima kwa wahenga pale inapoeleweka kuwa ni heshima ya kijamii. Leo familia nyingi za Kikatoliki za Korea husali Misa ya kuwaombea marehemu siku ya Seollal, na nyingine huandaa meza nyumbani.

Basi, Paulo Yun alikufa bure? Kanisa limejibu: mwaka 2014, mjini Seoul, Papa Fransisko alimtangaza Mwenyeheri pamoja na wenzake 123. Sisi tunaelewa hivi: alikataa kumpa kiumbe kile alichoamini ni cha Mungu peke yake. Walioruhusu baadaye hawakuibatilisha amri ya kwanza. Walitazama maana ya tendo lenyewe, wakaona linaweza kusimama katika amri ya nne.

Turudi nyumbani. Jina la mkoa wetu linatokana na Katabi, mwindaji wa simulizi za Wabende, ambaye roho yake husemwa inakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi. Watu wamekuwa wakiacha sadaka pale. Kwa hiyo ndugu zetu wanaoogopa matambiko hawaogopi kivuli. Sisi katika ukoo wetu, asubuhi ya tarehe 1 Januari, kabla ya Misa ya Maria Mtakatifu Mama wa Mungu, huenda makaburini. Mzee hunyunyiza maji na unga kidogo, hutaja majina ya marehemu, husema, "Mwaka umeingia, tupo." Mwaka jana baadhi ya ndugu walikataa kuja, na mpaka leo hawaketi nasi mezani. Pande zote mbili zikatugeukia: "Ninyi mnaosomea upadre, amueni!"

Katika falsafa tunajifunza kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba, baada ya Mungu, tunawiwa deni kubwa na wazazi na nchi yetu. Deni hilo halifutwi na kaburi. Lakini deni si woga. Kwa hiyo tulimuuliza mzee kwanza: "Babu, unaomba nini pale?" Akajibu, "Siombi kitu, wajukuu. Mvua naiomba kwa Mungu. Hawa nawajulisha tu kwamba nyumba haijafungwa." Tukamuuliza kama wafu watakasirika tusipopeleka unga. Hapo alinyamaza kitambo, akasema, "Wengine wanaamini hivyo."

Jibu hilo ndilo tulilowapelekea ndugu. Tukapendekeza unga uachwe, kwa sababu ndio unaobeba woga; maji yabarikiwe, majina yasomwe, na katekista atuongoze katika sala ya marehemu. Mzee amekubali, ingawa kwa uchungu. Ndugu wawili wamesema watakuja, mmoja bado.

Tunaojiandaa kuwa mapadre tutakutana na maswali haya katika kila kigango. Ni rahisi kukataza kila kitu, na ni rahisi vilevile kubariki kila kitu. Kabla ya yote mawili, tukae na wazee, tuwaulize wanamaanisha nini, tusikilize mpaka mwisho.

Raha ya milele uwape ee Bwana.