Wenye Bunduki na Neno la Gavana

Mtu mwaminifu hukasirika anapopekuliwa. Hasira yake si dalili ya hatia. Mara nyingi ni dalili ya heshima iliyojeruhiwa. Mwizi akipekuliwa huogopa, bali mwaminifu hufedheheka. Kwa hiyo sheria yoyote inayowataka watu wote wathibitishe wema wao kwa sababu ya ubaya wa wachache, hapana budi ikutane na manung'uniko ya watu wema kabla haijakutana na hila za watu wabaya. Jambo hili lilionekana waziwazi mwaka 2018 katika jimbo dogo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani, wakati wenye bunduki walipouona mkono wa serikali ukinyoshwa kuelekea kitu walichokihesabu kuwa chao tangu enzi za mababu.

Vermont ni nchi ya milima na misitu, na wakazi wake wapata 640,000. Huko bunduki si kitu cha kustaajabisha. Ifikapo Novemba majira ya kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa kwa siku 16, na watu huingia msituni alfajiri, baridi ikiuma, wamevaa nguo za rangi ya machungwa ili mwindaji asimdhanie mwenzake kuwa mnyama. Bunduki iliyotundikwa ukutani aghalabu ilikuwa ya babu, na mjukuu huijua habari yake kama ajuavyo jina la ukoo. Kulungu mmoja huweza kuitia nyumba nyama kwa wiki nyingi za kipupwe. Kwa jamaa kama hiyo bunduki ni chombo cha kazi mfano wa jembe, na ni urithi mfano wa shamba.

Sheria za jimbo zilikwenda sambamba na desturi hii. Katiba ya Vermont ya mwaka 1777 iliandika haki ya watu kubeba silaha kwa kujilinda wenyewe na kulilinda jimbo lao. Iliandika pia uhuru wa kuwinda katika majira yanayofaa. Mwaka 1903 Mahakama ya Juu ya jimbo ilibatilisha amri ya mji wa Rutland iliyowataka watu wapate kibali kabla ya kubeba silaha ya kufichwa. Hata katika majimbo mengine ya Marekani, desturi ya kubeba bastola bila leseni iliitwa kwa jina la Vermont. Msomaji wa Tanzania au Kenya, aliyezoea kuona bunduki ikifuatana na leseni kama kivuli kimfuatavyo mtu, huenda akastaajabu. Walakini asipolifahamu hili hataifahamu hasira iliyokuja baadaye. Watu hawa hawakujiona kuwa watetezi wa upendeleo waliopewa jana na serikali. Waliamini kwamba haki ile ilikuwapo kabla ya serikali yenyewe, na kwamba kazi ya serikali ilikuwa kuitunza tu.

Gavana wao, Phil Scott, alishika madaraka Januari 2017. Alikuwa mtu wa chama cha Republican, naye mwenyewe alikuwa mwenye bunduki. Wakati wa kuomba kura katika mwaka 2016 alikuwa amesema kwamba Vermont haikuhitaji sheria mpya za bunduki; zilizokuwapo zilitosha. Wenye bunduki walilisikia neno hilo wakaliweka moyoni. Ahadi ni deni, na wengi wao walimpa kura kama mtu anayemkopesha jirani anayemwamini.

Tarehe 14 Februari 2018, katika mji wa Parkland, Florida, watu 17 waliuawa kwa bunduki katika shule. Gavana Scott alipoulizwa, alishikilia msimamo wake wa zamani. Kesho yake polisi wa Vermont walimkamata kijana wa miaka 18 aliyeshitakiwa kwa kupanga kuishambulia shule ya Fair Haven, ambako alipata kusoma. Kijana yule alikuwa amekwisha kununua bunduki. Mpango wake ulijulikana kwa sababu mtu mmoja aliyeipata habari aliwapasha polisi. Gavana aliposoma maelezo ya polisi alisema kwamba yalimtikisa. Aliona kwamba watoto wa Fair Haven hawakuokolewa na sheria njema wala na uangalifu wa serikali, bali kwa kiasi kikubwa waliokolewa na bahati. Bahati ni mlinzi mzuri, lakini hana zamu wala mshahara, na hakuna awezaye kumlaumu siku asipokuja kazini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gavana aliuona ufa. Aliwataka wabunge watazame upya sheria za bunduki, na kwa majuma kadhaa nyumba ya serikali mjini Montpelier ilijaa watu. Wenye bunduki walikuja wamevaa zile nguo zao za kuwindia, na rangi ya machungwa, ambayo msituni humwambia mwindaji asipige, barazani iliwaambia wabunge jambo hilohilo.

Miswada ilikuwa mitatu. Mmoja uliwapa polisi uwezo wa kuondoa silaha nyumbani kwa mtu aliyekamatwa kwa kuwapiga watu wa nyumba yake. Wa pili ulimpa hakimu uwezo wa kuamuru mtu aliye hatari kwa nafsi yake au kwa wengine atengwe na bunduki kwa muda. Wa tatu ndio uliowasha moto. Uliagiza kwamba anayemuuzia mtu bunduki kwa faragha ampeleke kwanza kwa muuzaji mwenye leseni ili rekodi zake zichunguzwe. Ulipandisha umri wa kununua bunduki hata miaka 21. Ulipiga marufuku kifaa kinachoifanya bunduki ya kawaida kutema risasi mfululizo kama rashasha. Tena ulipunguza ukubwa wa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa katika silaha: risasi 10 kwa bunduki ndefu na 15 kwa bastola. Mwisho wa Machi mswada huo ulipita katika Seneti kwa kura 17 dhidi ya 13.

Wenye bunduki walikuwa na hoja, wala si haki kuzifanya kelele tupu. Walisema kwamba ufa ulikuwa Florida, na mafundi walipelekwa Vermont. Walisema kwamba jimbo lao lilihesabiwa miongoni mwa yale yenye uhalifu mdogo, na ya kuwa bunduki zao zilikaa majumbani vizazi vingi bila kumdhuru jirani. Walisema kwamba mhalifu haendi kwa muuzaji mwenye leseni kuchunguzwa rekodi, hivyo taabu ya sheria humwangukia yule asiye na kosa. Waliuliza pia swali ambalo kila raia huwa na haki ya kuliuliza: ikiwa leo ni risasi 10, kesho itakuwa ngapi? Jumamosi ya tarehe 31 Machi walikusanyika Montpelier, na magazini za risasi 30, zaidi ya elfu moja, ziligawanywa bure kwa watu waliosimama foleni, ili kila mmoja awe nayo kabla sheria haijaanza. Ilikuwa njia ya kumwambia gavana kwamba mlango anaoufunga, wao walikuwa wamekwisha kupita.

Lakini chini ya hoja hizo zote lilikuwapo jeraha moja ambalo halikuhusu risasi wala magazini. Jeraha hilo lilikuwa neno lililovunjwa. Tarehe 11 Aprili gavana hakujificha ofisini kutia sahihi. Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi za nyumba ya serikali mbele ya watu wote. Upande mmoja walishangilia, na upande mwingine walimzomea. Wapo waliopaza sauti na kumwita msaliti. Mtu hamwiti adui yake msaliti. Jina hilo huhifadhiwa kwa aliyekuwa mwenzako. Gavana alisema mbele yao kwamba alijua huenda angepoteza kura kwa uamuzi ule, na kwamba alikuwa tayari kuyapokea matokeo yake. Kisha alitia sahihi miswada yote mitatu.

Je, alivunja ahadi? Alivunja, wala haifai kulificha neno hilo kwa maneno laini. Lakini ahadi ya kiongozi ina mashaka ambayo ahadi ya mkopaji haina. Mkopaji huahidi mali, na mali haibadiliki kwa sababu ya habari mpya. Kiongozi huahidi hukumu yake, na hukumu husimama juu ya ujuzi. Ujuzi ukibadilika, hukumu isiyobadilika huwa ukaidi uliovaa joho la uaminifu. Nahodha aliyewaahidi abiria kwamba hatageuza tanga hana sifa akiuona mwamba mbele na kuendelea kwa ajili ya neno lake. Lakini nahodha huyo ana wajibu wa kusimama mahali ambapo abiria watamwona na kumlaumu. Hilo Scott alilitimiza, na pengine ndiyo sehemu ya deni aliyoweza kuilipa.

Hata hivyo, wapinzani wake hawakulitazama vya kutosha jambo moja lililokuwa ndani ya sheria yenyewe. Walilalamika kwamba sheria haiwaamini. Kumbe iliwaamini sana. Baba aliyetaka kumpa mtoto wake bunduki ya babu hakulazimishwa kupita kwa muuzaji. Watu wa jamaa moja waliachiwa. Kijana aliyepata mafunzo ya usalama wa kuwinda hakufungwa na umri wa miaka 21. Na magazini kubwa zilizokuwa mikononi mwa watu kabla ya sheria hazikutwaliwa. Mwenyewe aliruhusiwa kubaki nazo. Sasa, magazini haina daftari la ndoa linaloonyesha siku iliyoingia nyumbani. Iliyonunuliwa Machi na iliyonunuliwa Mei hufanana. Ni nani ajuaye tofauti yake isipokuwa mwenye mali na dhamiri yake? Sheria iliyoonekana kuwa pekuzi kubwa ilikuwa, katika sehemu iliyochukiwa zaidi, imesimama juu ya neno la muungwana. Wale waliojivunia uaminifu wao walipewa nafasi ya kuuonyesha mahali ambapo hakuna jicho la polisi.

Miaka iliyofuata ilipoza moto bila kuuzima. Vyama vya wawindaji vilikwenda mahakamani mwezi uleule. Februari 2021, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ya Vermont iliamua kwamba mpaka wa magazini hauvunji katiba ya jimbo. Ilikubali kwamba haki ya raia kujilinda kwa silaha imo katika katiba ile, lakini ilisema kwamba haki hiyo haikatai kila kanuni iliyo ya kiasi. Kura ambazo gavana alidhani huenda akazikosa hazikumwangusha: alichaguliwa tena Novemba 2018, akachaguliwa mwaka 2020, na 2022, na 2024. Mwaka 2023 wabunge walileta sheria ya kumtaka mnunuzi wa bunduki asubiri saa 72 kabla ya kukabidhiwa. Safari hiyo gavana aliona shaka kama katiba inaruhusu. Hakutia sahihi wala hakuizuia, nayo ikawa sheria bila mkono wake.

Sheria hiyo ya kusubiri inalifikia swali gumu kuliko yote, ambalo hoja ya uaminifu haiwezi kulijibu. Katika Vermont walio wengi miongoni mwa wafao kwa bunduki hawauawi na mwizi wala na mgeni, hujiua wenyewe. Mtu huyo yamkini ni mwaminifu, mwindaji hodari, jirani mwema, asiyepata kuvunja sheria hata siku moja. Hakuna rekodi itakayomfichua, kwa sababu hana kosa. Kilichomfikia ni usiku wa huzuni, na katika usiku huo chombo cha babu kiko karibu mno na mkono. Saa 72 si neno la kumshitaki. Ni muda anaopewa mwenye huzuni ili asubuhi imkute yu hai.

Wenye bunduki wa Vermont walikuwa na haki ya kudai heshima, na serikali inayowapuuza hujitafutia sheria isiyotiiwa, maana nyumba zao ni nyingi kuliko polisi. Lakini heshima si sawasawa na kuachwa bila kuulizwa. Rubani wa ndege huulizwa kila safari kama mafuta yamepimwa, wala hasemi kwamba ametukanwa, hujibu, akaruka. Mwaminifu hajulikani kwa kulichukia swali. Hujulikana kwa jibu lake, hasa anapojibu peke yake, mlango umefungwa, na magazini imo mkononi mwake.